Doa la milimita 9 kwenye ini la mama: CT, MRI au PET?

SWALI: Daktari, nakusalimu. Naandika kutoka Donholm, Nairobi. Mama yangu ana miaka 63. Mwaka jana alikatwa sehemu ya utumbo mpana kwa sababu ya saratani, tukaambiwa kwamba uvimbe wote umetolewa. Mwezi uliopita kipimo cha damu cha CEA, protini ambayo hupanda saratani ya utumbo inaporudi, kilipanda kutoka 3 hadi 11, na ultrasaundi ikaonyesha doa la milimita 9 upande wa kulia wa ini. Daktari aliyempasua anataka CT, daktari wa saratani anasema MRI, na binamu yangu ambaye ni muuguzi anasema tusipoteze pesa, twende PET moja kwa moja. Tulichochanga kinatosha skani moja, labda mbili. Ipi ni bora?

JIBU: Dada yangu, poleni nyote, na umfikishie mama salamu zangu. Nitaanza na jibu lenyewe ili usilitafute hadi mwisho. Kama pesa zenu zinatosha skani moja ya ini, iwe MRI, yaani picha za sumaku, yenye dawa maalumu ya ini. Kama zinatosha mbili, ya pili iwe CT, yaani picha za mionzi za kipande kwa kipande, ya kifua, tumbo na nyonga. PET, ile ya sukari yenye mionzi, isubiri mpaka hizo mbili zishindwe kueleza kwa nini CEA imepanda. Hata hivyo, kabla hamjatoa shilingi hata moja, kuna kitu cha kutafuta nyumbani, nacho ni CD ya CT ambayo yaelekea mama alipigwa kabla ya upasuaji wa mwaka jana.

Nasema hivyo kwa sababu madoa madogo kwenye ini ni mengi kuliko watu wanavyodhani. Utafiti mmoja uliofanyika New York na kuchapishwa mwaka 1999 ulipitia skani za wagonjwa 2,978 wa saratani, na 378 kati yao walikutwa na madoa ya ini yasiyozidi sentimita moja. Katika asilimia 80 hivi ya hao 378 madoa hayo hayakuwa saratani. Waliokuwa na saratani iliyosambaa walikuwa takriban asilimia 12, na waliobaki hawakupata jibu la uhakika. Kwa hiyo, ikiwa doa la mama lilikuwepo mwaka jana, mahali palepale na kwa milimita zilezile, hofu yetu juu yake inapungua sana, na itabidi tuitafute sababu ya CEA kwingine. Ikiwa halikuwepo kabisa, hofu inaongezeka, hasa ukikumbuka kwamba kiwango cha CEA kwa mtu asiyevuta sigara kwa kawaida hakizidi 5. Nimeona familia zikifanya harambee ya skani mpya ilhali nusu ya jibu imelala ndani ya bahasha ya kaki juu ya kabati. Na ninaposema CD nina maana ya picha zenyewe, si karatasi ya ripoti peke yake, kwa sababu doa la milimita chache mwaka jana huenda halikutajwa kabisa, lakini kwenye picha lipo, na anayejua pa kutazama ataliona.

Sasa nieleze kwa nini mashine hizi hazilingani. Ini hupokea damu kwa njia mbili: takriban robo tatu huja kutoka matumboni kupitia mshipa uitwao vena ya porta, na robo iliyobaki huletwa na ateri. Ndiyo sababu saratani ya utumbo mpana hupenda kutua hapo, maana chembe zinazoponyoka kwenye utumbo husombwa na damu ya porta na kulifikia ini kabla ya kiungo kingine chochote. Lakini zikishatua na kuanza kukua, vivimbe vyake hulishwa zaidi na ateri kuliko porta, na tofauti hiyo ya ulishaji ndiyo inayotuwezesha kuviona. Dawa ya kontrasti, yaani ya kung'arisha picha, ikidungwa kwenye mshipa wa mkono huingia ini kwa zamu: kwanza kwa ateri, karibu na sekunde ya 35, kisha kwa porta, karibu na sekunde ya 70. Vivimbe vilivyotoka kwenye utumbo mpana kwa kawaida havina damu nyingi, kwa hiyo katika sekunde ya 70, ini zima likiwa limelowa dawa na kung'aa, vyenyewe hubaki vyeusi, mara nyingi vikiwa na ukingo hafifu unaong'aa kuvizunguka. Saratani zilizotoka kwenye figo au thairoidi, pamoja na uvimbe wa chembe zinazotoa homoni, hunywa damu nyingi ya ateri. Hizo huwaka mapema, kisha hupotea ndani ya ini linalong'aa kama mtu aliyeingia sokoni Gikomba mchana.

Utaona basi kwamba jina la mashine peke yake halitoshi. Wakati mmoja nililetewa CD ya mgonjwa kutoka hospitali ambayo sitaitaja, ikiwa na ripoti iliyosema ini halina tatizo. Nilipozifungua picha, nilikuta kwamba ini lilipigwa mara moja tu, tena dakika kadhaa baada ya dawa kudungwa, wakati ambapo uvimbe na ini vilikuwa vimeshafanana rangi. Aliyesoma picha hakukosea, maana hakukuwa na cha kuona. Tuliporudia kwa muda unaofaa tulikuta vivimbe vitatu, kimoja kikiwa kikubwa kuliko ndimu. Tangu siku hiyo, mgonjwa akiniambia "nimeshapiga CT", swali langu la kwanza ni ilipigwa vipi.

Ultrasaundi, ambayo ndiyo iliyoanza kuwashtua, ina heshima yake. Ni ya bei nafuu kuliko zote, haina mionzi, inapatikana hata kwenye zahanati za mitaani, na hutofautisha vizuri uvimbe wa maji na uvimbe wa nyama. Udhaifu wake ni kwamba inategemea sana mkono na jicho la anayeishika, na mawimbi yake huzuiwa na mbavu, hewa ya matumbo na mafuta yaliyojaa ndani ya ini. Doa lililo chini ya sentimita moja, lililojificha juu kabisa chini ya kiwambo cha kupumulia, linaweza kuponyoka hata kwa mtaalamu. Kwa hiyo ultrasaundi ikisema kuna doa, isikilizwe. Ikisema hakuna, kwa mgonjwa ambaye CEA yake imepanda, isichukuliwe kuwa neno la mwisho. Ipo pia ultrasaundi inayotumia dawa ya viputo vidogo sana vya gesi, ambavyo mgonjwa huvitoa kwa pumzi na ambavyo havielemei figo. Ni nzuri kwa kuchunguza doa moja linalojulikana lilipo, lakini si kwa kupekua ini zima.

CT ndiyo farasi wa kazi. Kwa sekunde chache, mgonjwa akiwa amebana pumzi mara moja, tunapata picha za mapafu, ini, tezi za limfu na pale utumbo uliposhonwa, na hakuna mashine nyingine inayotupa ramani hiyo yote kwa haraka na kwa bei hiyo. Daktari aliyempasua mama anaitaka kwa sababu ya haki kabisa: saratani ya utumbo mpana baada ya ini hupenda mapafu, na MRI ya ini haitamwonyesha mapafu. CT ina mionzi, ni kweli. CT ya tumbo huwa karibu milisiveti 8 hadi 10, yaani kiasi ambacho mwili hupokea kutoka ardhini na angani kwa miaka kadhaa. Kwa mwanamke wa miaka 63 anayetafutiwa saratani iliyorudi, jambo hilo lisimnyime usingizi mtu yeyote. Tatizo la CT kwa mama ni ukubwa wa doa. Picha za CT ni kama vipande vya mkate: vipande vikikatwa kwa unene wa milimita 5, doa la milimita 9 litaonekana kwenye vipande viwili au vitatu tu, huku kingo zake zikiwa zimechanganyika na ini lililo juu na chini yake. Ndiyo maana tunaomba vipande vya milimita 3 au pungufu. Hata hapo, CT mara nyingi huishia kuandika kwamba doa ni dogo mno kutajwa aina yake, na sentensi hiyo, pamoja na kwamba ni ya kweli, haimsaidii mama kitu.

MRI hufanya kazi kwa njia tofauti. Haitumii mionzi, bali sumaku na mawimbi ya redio, na nguvu yake ni kwamba huliuliza doa maswali mengi katika kikao kimoja. Swali la kwanza ni kama lina maji. Uvimbe wa maji na hemanjioma, ambayo ni fundo la mishipa ya damu lisilo na madhara, hung'aa sana katika aina fulani ya picha, ilhali saratani hung'aa kiasi tu. Swali la pili ni kama chembe za maji ndani yake zinatembea kwa uhuru. Katika saratani seli zimesongamana kama abiria ndani ya matatu ya saa moja jioni, maji hayapati nafasi ya kusogea, na picha hulionyesha doa likiwaka hata likiwa na milimita chache. Swali la tatu ni namna linavyokunywa dawa, sekunde kwa sekunde, kama katika CT.

Halafu lipo swali la nne, ambalo ndilo linalonifanya nipendekeze MRI kwa mama. Kuna dawa ya kontrasti, asidi ya gadoksetiki, ambayo seli hai za ini huivuta ndani kama zinavyovuta vitu vingine vinavyoelekea kwenye nyongo. Takriban nusu ya dawa hiyo hutoka mwilini kwa njia ya nyongo na nusu kwa njia ya figo. Tukisubiri dakika 20 baada ya kuidunga na kupiga picha tena, ini lote huwa jeupe kama uji wa mchele, na kitu chochote kisicho na seli za ini hubaki cheusi kama punje ya pilipili manga iliyodondokea humo. Mara nyingi nimekaa kwenye chumba chenye giza, nikipandisha na kushusha picha hizo za dakika ya 20, nikatafuta punje moja niliyoambiwa na ultrasaundi nikakuta tatu. Na mara nyingine nimekuta ile moja ni uvimbe wa maji, nikaandika hivyo bila kusitasita. Punje nyeusi peke yake haitoshi kusema ni saratani, kwa sababu uvimbe wa maji na hemanjioma pia hazina seli za ini. Ni majibu ya maswali yote manne kwa pamoja ndiyo hutoa hukumu.

Takwimu zinaafiki. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010, uliokusanya tafiti nyingi za wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana ambao hawakuwa wameanza matibabu, ulikuta kwamba kwa madoa yaliyo chini ya milimita 10, CT iliona takriban asilimia 47 na MRI asilimia 60. Mwingine wa mwaka 2018, uliohesabu vivimbe vya ukubwa wowote, uliipa CT asilimia 82, MRI asilimia 93, na PET iliyounganishwa na CT asilimia 74. Na mwaka 2024 ukachapishwa utafiti wa hospitali kadhaa za Ulaya ambamo wagonjwa 298 waliokwishapigwa CT na kupangiwa matibabu ya ini waliongezewa MRI: mpango wa matibabu ulibadilika kwa asilimia 31 yao. Karibu mmoja katika kila watatu. Siijui skani nyingine katika eneo hili inayobadilisha maamuzi kwa kiasi hicho.

Namna maamuzi yanavyobadilika ni jambo ambalo familia nyingi hazielezwi. Saratani ya utumbo mpana iliyofika kwenye ini si lazima iwe hukumu ya mwisho, kwa kuwa vivimbe vikiwa vichache na mahali panapofikika, daktari wa upasuaji anaweza kuvikata au kuvichoma kwa sindano ya joto, na katika hospitali zenye uzoefu takriban wagonjwa 40 kati ya 100 waliokatwa huwa hai baada ya miaka mitano, wengine wakiwa wamepona kabisa. Lakini anayekata kimoja na kuacha viwili asivyovijua amemtesa mgonjwa bure. Kwa hiyo tunataka kujua idadi na mahali, kipande kwa kipande, kabla kisu hakijaguswa. Hata ndani ya chumba cha upasuaji, tumbo likiwa wazi, daktari huweka kifaa cha ultrasaundi juu ya ini lenyewe, ambapo hakuna mbavu wala hewa ya kuzuia, na mara kadhaa hukuta kilichotuponyoka sote.

Nije kwenye PET, kwa sababu najua binamu yako atauliza. Katika PET tunamdunga mgonjwa sukari iliyofungwa chembe ya mionzi, tunasubiri karibu saa moja, kisha tunapiga picha ya mwili mzima kuona ni wapi sukari imeliwa kwa pupa. Chembe yenyewe hupungua kwa nusu kila dakika 110, kwa hiyo haiwezi kuwekwa stoo. Hutengenezwa na mashine iitwayo siklotroni siku hiyohiyo ya kipimo. Zamani wagonjwa wetu walikuwa wakipanda ndege kwenda India kwa ajili ya kipimo hiki, na leo kinafanyika hapahapa, katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan pale Parklands na katika hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta huko Kahawa. Ni fahari kwetu, na nadhani fahari hiyo ndiyo inayowafanya watu wadhani kwamba kipya na ghali lazima kiwe bora kwa kila jambo.

Kwa ini, sivyo. Ini lenyewe hula sukari, kwa hiyo lina mng'ao wake hata likiwa zima, na kivimbe cha milimita 9, kinachopanda na kushuka kila mama anapopumua wakati picha inapigwa kwa dakika nyingi, hufifia ndani ya mng'ao huo. Vivimbe vyenye ute mwingi, ambavyo baadhi ya saratani za utumbo huvitoa, hula sukari kidogo na kujificha. Tena ile CT inayoambatana na PET mara nyingi hupigwa kwa mionzi midogo na bila dawa ya kontrasti, kwa ajili ya kuonyesha mahali tu, kwa hiyo mtu asidhani amepata CT kamili ya bure. Kanada walilijaribu jambo hili kwa wagonjwa 404 waliokuwa wakielekea kukatwa ini, wengine wakipigwa PET na wengine wasipigwe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba kati ya waliopigwa PET, mpango wa upasuaji ulibadilika kwa asilimia 8 tu. PET inafaa sana pale CEA inapozidi kupanda ilhali CT na MRI hazioni kitu, au pale tunaposhuku kwamba saratani iko nje ya ini na upasuaji mkubwa unakaribia. Mkifika hapo, nitakuwa wa kwanza kusema mchangie. Na kwa uvimbe wa chembe zinazotoa homoni, kuna PET ya aina nyingine, inayotumia galiamu badala ya sukari, ambayo hiyo hushinda CT kwa mbali. Lakini huo si ugonjwa wa mama.

Lipo jambo jingine kuhusu PET ambalo vitabu vinavyoandikwa Ulaya hulitaja kwa mstari mmoja, ilhali hapa kwetu ni kazi ya kila wiki. Sukari haitofautishi saratani na maambukizi. Jipu la ini linalosababishwa na amiba huwaka, kifua kikuu kilichofika kwenye ini au tezi za limfu huwaka, na mgonjwa anaweza kuambiwa saratani imesambaa mwili mzima kumbe ana TB inayotibika. Kwa mgonjwa anayetoka Turkana, ambako ugonjwa wa hidatidi unaotokana na tegu wa mbwa ni wa kawaida, doa kwenye ini huenda likawa uvimbe wa tegu, na kulichoma sindano bila kufikiri ni hatari. Wanaotoka Mwea au kandokando ya Ziwa Victoria wanaweza kuwa na makovu ya kichocho ndani ya ini yanayoifanya picha iwe na vurugu. Mwambieni daktari mama alizaliwa wapi, amekaa wapi, na kama amewahi kutibiwa TB. Sentensi hiyo moja kwenye fomu humsaidia msomaji wa picha kuliko mnavyodhani.

Umeuliza ipi ni bora, lakini hukuuliza lini, na kwa maoni yangu lini ni muhimu vilevile. Ikiwa daktari wa saratani anafikiria kuanza kemo, ombeni MRI ifanyike kabla ya dozi ya kwanza. Kemo hupunguza vivimbe, jambo ambalo tunalifurahia, lakini baadhi huwa vidogo kiasi cha kutoweka kwenye picha vikiwa bado vina uhai. Madaktari wa Ufaransa walifuatilia vivimbe 66 vilivyotoweka kwenye CT baada ya kemo, na katika 55 kati yake, yaani asilimia 83, saratani ilikuwa bado ipo au ilirudi palepale. Walichapisha mwaka 2006, na hadi leo sijui onyo lililo wazi zaidi ya hilo. Isitoshe, dawa zenyewe hulijaza ini mafuta au kuziba vijishipa vyake, na ini lenye mafuta huwa jeusi kwenye CT, kwa hiyo kivimbe cheusi hukosa weupe wa kukionyesha. PET nayo hupungua makali baada ya kemo kwa sababu seli zilizodhoofika hazili sukari kwa pupa. MRI ndiyo inayohimili hali hiyo vizuri zaidi, ila hata yenyewe inahitaji picha ya mwanzo ya kulinganisha.

Huenda mtu akawaambia kwamba mkato wa haraka ni biopsi, yaani kuchoma sindano na kuchukua kipande cha doa. Msikubali kabla daktari wa upasuaji wa ini hajatoa neno. Pale ambapo doa linaweza kukatwa, kwa kawaida hatulichomi, kwa kuwa sindano inaweza kupanda mbegu za saratani njiani inapotoka. Biopsi ina nafasi yake kwa mgonjwa asiyeweza kupasuliwa, au pale ambapo picha zote zimegoma kutoa jibu.

Kuhusu maandalizi, mama apimwe kreatinini ili tujue hali ya figo zake kabla ya kudungwa kontrasti yoyote, iwe ya CT au ya MRI. Akiwa na manjano ya macho mtujulishe, maana ini lenye nyongo iliyoziba haliivuti vizuri ile dawa ya dakika 20 na pesa zenu zitapotea. Aseme kama ana kifaa cha moyo, chuma chochote mwilini, au kama huogopa kufungiwa mahali pembamba, kwa sababu MRI huchukua nusu saa hadi dakika 45 ndani ya mtungi wenye kelele. Jambo litakaloamua ubora wa picha kuliko mashine yenyewe ni pumzi: ataambiwa abane kwa sekunde 15 hadi 20, mara nyingi, na akihema katikati picha inatikisika. Afanye mazoezi nyumbani, ameketi, wewe ukihesabu kwa sauti. Mara chache nimeona jambo rahisi namna hiyo likiokoa skani ya bei kubwa.

Kuhusu malipo, SHA, bima ya afya ya serikali, ilipochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024 taratibu za vibali zilibadilika, kwa hiyo ulizeni hospitali kabla ya siku ya kipimo kama kibali kimetoka, na mwulize swali la pili ambalo wengi hulisahau: je, bei mliyotajiwa imejumuisha ile dawa ya ini au ni ya gadolini ya kawaida? Dawa hiyo ni ghali na si kila kituo huiweka stoo. Kituo kikiwa hakina, MRI ya gadolini ya kawaida yenye picha za mwendo wa maji bado itamfaa mama kuliko CT kwa doa la ukubwa huo, kwa hiyo msiahirishe kwa miezi kwa ajili ya dawa peke yake.

Mwisho, mwombe daktari wa saratani asiandike kwenye fomu "MRI ya tumbo" na kuishia hapo. Maneno ambayo mimi ningependa kuyakuta mezani kwangu ni haya: "Mwanamke wa miaka 63, alikatwa saratani ya utumbo mpana mwaka jana, CEA imetoka 3 hadi 11, ultrasaundi imeonyesha doa la milimita 9 upande wa kulia wa ini, hajaanza kemo. Naomba MRI ya ini kwa asidi ya gadoksetiki, pamoja na picha za mwendo wa maji na za dakika ya 20. Doa ni nini, je, yapo mengine, na yako sehemu zipi za ini? CD ya CT ya mwaka jana imeambatishwa."